Coleton Fishacre: nianze na nyumba au bustani?

Bi Maua: Habari zenu. Jumamosi nampeleka mama Coleton Fishacre, nyumba yenye bustani kule Devon, Uingereza. Goti lake linamsumbua, kupanda mlima hawezi. Nasikia bustani inateremka hadi baharini. Tutafaidi nini tusipofika chini?

Mzee wa Misonobari: Bi Maua, mpeleke mama. Nimefika pale mara tatu, na kila mara nimetoka na jambo jipya.

Anzeni ndani. Nyumba ilijengwa kati ya 1923 na 1926 kwa ajili ya Rupert D'Oyly Carte na mkewe Lady Dorothy. Baba yake Rupert ndiye aliyejenga ukumbi wa maonyesho wa Savoy, London. Rupert na mkewe walikuwa wakipita na mashua kati ya miji ya pwani ya Brixham na Dartmouth, wakaliona bonde lile kutoka majini, wakalipenda. Mawe ya kuta yalichimbwa palepale. Ndani, mtafuteni mama ramani ya pwani iliyochorwa ukutani. Katikati yake kuna mshale uliounganishwa na kishale cha upepo kilichoko juu ya paa. Upepo ukigeuka nje, mshale nao unageuka chumbani. Nilisimama mbele yake hadi mke wangu akanifuata. Nyumba imejengwa na watu waliotaka kujua bahari inafanya nini hata wakiwa wamekaa kitini!

Kuhusu goti: msishuke bondeni. Kaeni kwenye matuta ya juu karibu na nyumba, kisha mwende polepole hadi kibanda cha kutazamia bahari. Maji mtayaona.

Binti Shamba: Mzee, mie nauliza la bustani. Upepo wa chumvi unaniunguzia kila ninachopanda. Wale waliwezaje kuotesha magnolia na makangaga marefu kama miti?

Mzee wa Misonobari: Mwanangu, walianza na ukingo. Misonobari na mialoni isiyopukutisha majani ilipandwa juu ya bonde kabla nyumba haijasimama. Mti unaochuja upepo ni bora kuliko ukuta, kwa sababu upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kuangukia mimea iliyo nyuma yake kwa kishindo. Halafu kuna kijito katikati ya bonde, kinachoipa mimea ipendayo maji unyevu wake. Wewe panda ukingo kwanza, usubiri miaka kadhaa, ndipo ulete maua unayoyapenda. Najua kusubiri kunauma.

Bi Maua: Asante, mzee wangu. Nimemsomea mama habari ya ule mshale. Anauliza kama kuna kiti karibu na hiyo ramani.

Mzee wa Misonobari: Waulize wahudumu mlangoni, mweleze goti. Na siku ya upepo msiahirishe, ndiyo siku yenyewe ya kuutazama.