Wakongwe wa Linux, acheni kuwaharibia wageni kompyuta zao!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekasirika na leo nasema.

Kijana wa mtaani kwetu kaweka Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi wa familia ya Linux) kwenye laptopu ya mtumba. Alichotaka ni VLC tu, programu ya kuchezea video. Kauliza kwenye kundi la wataalamu, kajibiwa "nenda Google". Kaenda, kakuta mwongozo wa enzi za toleo la 14.04 unaomtaka aongeze PPA (ghala la ziada la programu) ambayo haina chochote kwa toleo lake. apt, amri ya kusakinisha programu, ikaanza kulalamika. Karudi kuuliza. Safari hiyo alisahau kuandika sudo (neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi), apt ikamjibu "Permission denied", na mtu mzima na akili zake akamwambia apige sudo chmod -R 777 /usr, yaani amruhusu kila mtu kubadilisha faili zote za /usr, folda ya programu za mfumo.

Kapiga! Angejuaje? Amri hiyo inaondoa alama ya setuid (inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mwenye faili) kwenye sudo yenyewe, kwa hiyo kuanzia hapo sudo inagoma kabisa. Mfumo mzima umeharibika kwa sababu ya programu inayopatikana kwa sudo apt update, kisha sudo apt install vlc. Basi! Na katika wote waliomjibu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza anatumia toleo gani.

Ushauri mwingine unaonichefua ni ule wa kufuta /var/lib/dpkg/lock-frontend, faili la kufuli linalozuia usakinishaji mbili kwenda kwa pamoja. Mara nyingi lile faili limeshikwa kwa sababu mfumo unajisasisha wenyewe kimyakimya. Mwambieni asubiri imalize! Ukilifuta, programu mbili zinaweza kuandika kwenye kumbukumbu za dpkg (chombo ambacho apt hukitumia kusakinisha) kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mnapomtengenezea tatizo la kweli.

Mgeni ametoka Windows, amezoea kubofya faili mara mbili. 24.04 ilipotoka, App Center yake (duka la programu) ilikuwa haiwezi hata kusakinisha faili la .deb (kifurushi cha programu) alilopakua mtu. Kosa lake liko wapi? Nanyi mnamtupia dpkg -i, ambayo haileti vifurushi tegemezi (vile ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi), wakati sudo apt install ./ ikifuatiwa na jina la faili inavileta. Akiuliza kwa nini nywila haionekani anapoiandika, mnamcheka. Inawagharimu nini kumwambia "inaandikika, endelea tu, kisha bonyeza Enter"?

Halafu kuna wa "weka Flatpak", njia nyingine ya kusakinisha programu. Sipingi Flatpak. Lakini programu ya kwanza huja na mzigo wake wa mamia ya MB, na huyu anaishi kwa bando la siku. Mwambieni kabla hajaanza kupakua, aamue mwenyewe.

Kabla ya kutoa amri yoyote, muombe matokeo ya cat /etc/os-release (yanaonyesha toleo la mfumo) na ujumbe wote wa kosa, si nusu. Ukitoa amri, eleza inafanya nini na inarudishwaje. Kama huna muda huo, nyamaza, mwache mwenye muda amsaidie.