Boti yangu ya tanga haina risiti ya VAT, nataka kuvuka nayo hadi Ufaransa. Nijieleze vipi?

Mtoto wa Pangani:
Wakuu, habari za jioni. Kwetu ni Pangani ila mwaka wa kumi na moja huu niko Southampton, Uingereza. Mwaka juzi nilinunua boti ya tanga kwa mzee mmoja ambaye magoti yalishamgomea. Ni Westerly Fulmar, futi 32, ya mwaka 1989. Nimeikwangua na kuipaka rangi mwenyewe, tanga kubwa nimelitia viraka mwenyewe, mpaka mke wangu ananiambia nihamie huko huko.

Kiangazi kijacho nataka nivuke hadi Cherbourg, niteremke na pwani ya Brittany mpaka Hispania, na Mungu akijalia niingie Mediterania. Kaka yangu yuko Marseille, anaisubiri hiyo boti kuliko mimi.

Shida ni maneno ya watu pale gatini. Wananiambia forodha wa Ulaya wakipanda wanataka ushahidi kwamba boti imelipiwa VAT, na usipokuwa na risiti ya kwanza kabisa unalipishwa upya kwa thamani ya boti. Nilicho nacho ni hati tatu za mauziano (ya 2003, ya 2014 na ya kwangu), kadi ya usajili wa SSR (daftari la Uingereza la vyombo vidogo vya majini) na bima. Risiti ya 1989 sina, na kampuni iliyoiunda ilishakufa zamani. Nifanyeje? Pasi yangu bado ni ya Tanzania, kama hilo nalo lina maana.

Kobe wa Kigamboni:
Mkuu, huku sisi tunagombana na mwenye sheli atupe risiti ya EFD ya lita mbili, wewe unatafuta ya boti ya 1989 😂 Nakaa hapa pembeni nijifunze.

Mzee Dau:
Usihangaike. Boti ikizidi miaka 30 haidaiwi VAT. Namjua mtu ana ya 1982, kazunguka visiwa vya Ugiriki vyote na hakuna aliyemgusa.

Binti Karani:
Mzee Dau, shikamoo, lakini hapo umechanganya. Mimi niko Rotterdam, kazi yangu ni makaratasi ya forodha, na hiyo ya "miaka 30" naisikia kila mwaka.

Soko la pamoja la Ulaya lilianza 1 Januari 1993. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na mambo yake na boti nyingi hazikuwa na karatasi za kueleweka. Ikakubaliwa kwamba boti iliyoundwa kabla ya 1 Januari 1985, na ambayo usiku wa 31 Desemba 1992 ilikuwa ndani ya Jumuiya ya Ulaya, ihesabiwe imeshalipiwa. Nchi zilizoingia 1995 zikapewa tarehe zao. Kwa hiyo ni tarehe mbili, umri hauna kazi. Huyo wa 1982 aliangukia upande mzuri. Fulmar ya 1989 imekosa kwa miaka minne.

Mtoto wa Pangani, kabla sijaendelea nijibu swali moja tu: saa tano usiku kwa saa za London, tarehe 31 Desemba 2020, hiyo boti ilikuwa wapi? Usinijibu kwa kukisia, nataka karatasi.

Mtoto wa Pangani:
Dada, 2020 boti haikuwa yangu! Ngoja kesho nikapekue.

Mtoto wa Pangani:
Nimerudi. Chini ya meza ya ramani kuna droo isiyofunguka mpaka uipige ngumi kwa chini. Ndani kulikuwa na kitabu cha injini, betri za tochi zilizooza, na bahasha ya kaki imelowa dizeli kona moja. Mzee alikuwa mtunza vitu jamani! Kuna risiti ya maegesho ya boti mtoni Hamble, "Oktoba 2020 hadi Machi 2021", jina la boti na namba ya SSR vimeandikwa kwa mkono. Mto Hamble ni hapa hapa jirani. Hii inasaidia?

Binti Karani:
Hiyo karatasi usiifue, usiianike juani, ipige picha leo leo.

Sasa sikiliza. Usiku ule wa 31 Desemba 2020 ndipo kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya (Brexit) kilipokwisha. Boti zilizokuwa ndani ya maji ya Ulaya zilibaki na hadhi ya bidhaa ya Ulaya. Zilizokuwa Uingereza zikabaki na hadhi ya Uingereza peke yake. Yako ni ya kundi la pili. Maana yake, hata leo ukiiokota ile risiti ya 1989 ikiwa safi, na asilimia 15 imeandikwa (ndiyo kiwango cha VAT cha Uingereza wakati ule), kwa afisa wa Cherbourg ni karatasi ya nchi ya kigeni. Haikuondolei kodi yake. Hao wa gatini kwenu wanakutisha kwa sheria ya kabla ya Brexit.

Wewe unaingia kama mgeni. Gari lenye namba za Kenya likivuka Namanga, hakuna anayeuliza kama VAT ya Tanzania imelipwa. Linaingia kwa muda, lina siku zake, linatoka. Boti ni hivyo hivyo. Ulaya inakupa miezi 18 ya kuingiza boti kwa muda bila kodi, mradi wewe mwenye boti unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, boti imesajiliwa nje, na unaitumia kwa mambo yako binafsi. Usiikodishe. Usiiuze huko kabla hujaiingiza rasmi na kulipa. Miezi 18 ikikukuta bado umefunga kamba, wanakudai: Ufaransa asilimia 20, Hispania 21, Ugiriki 24, kwa thamani ya boti.

Kobe wa Kigamboni:
Hapo kwa Namanga nimeelewa kuliko mwalimu wangu wa sheria.

Baharia Mstaafu:
Binti Karani kamaliza sheria, mimi naleta ya majini. Nimefanya kazi kwenye boti za matajiri Mediterania miaka tisa, nimekaguliwa mpaka nikazoea.

Kwa kawaida hukuti fomu ya kujaza kwa ajili ya hiyo miezi 18. Kule kuvuka mpaka ndilo tamko lenyewe. Utamu huo ndio mtego, maana siku ukiulizwa "umeingia lini?" mdomo wako si ushahidi. Bosi mmoja tulizuiwa naye bandari fulani, siitaji, siku sita. Boti ilikuwa na miezi minane tu Ulaya, lakini risiti ya kwanza aliyoweza kuonyesha ilikuwa ya marina ya miaka miwili nyuma, kumbe katikati tulikaa Tunisia majira ya baridi yote na hakuna aliyetunza hata karatasi ya maji ya kunywa! Tuliokolewa na mpishi. Alikuwa na risiti ya fundi wa friji wa Bizerte, huko Tunisia, ina tarehe na jina la boti.

Tangu siku hiyo nina faili la plastiki lenye zipu. Ukitoka Uingereza lazima utoe taarifa ya safari kwa watu wa mpakani kabla hujaondoka, sasa inafanyika mtandaoni. Nakala iingie humo. Ukifika Cherbourg, risiti ya gati ya usiku wa kwanza, na hakikisha wameandika jina la boti, si jina lako tu. Kitabu cha safari andika kila siku hata kama umechoka. Ukitaka saa ya miezi 18 ianze upya, unatoka maji ya Ulaya, uende visiwa vya Jersey au Guernsey, Moroko, Tunisia, Uturuki, popote palipo nje, na unarudi na ushahidi wa huko.

Halafu lugha. Afisa akipanda usianze na "VAT paid". Mwambie boti ni ya Uingereza, wewe ni mkazi wa Uingereza, umeingia tarehe fulani, karatasi hizi hapa. Mpe kahawa kama unayo.

Mtoto wa Pangani:
Mbarikiwe sana. Kumbe nilikuwa nalilia karatasi isiyo na kazi. Mpango wangu ulikuwa nifike Marseille nimwachie kaka boti miezi mitatu, mimi nipande ndege nirudi kazini. Ana karatasi za makazi ya Ufaransa.

Binti Karani:
HAPANA. Boti iache, akuangalizie kamba na kumwaga maji. Lakini asing'oe nanga wewe ukiwa Southampton. Mkazi wa Ulaya kutumia boti iliyoingia kwa muda kunavunja masharti, na deni litakuangukia wewe. Ukiwepo huko Ulaya na ukamruhusu mara moja moja, hiyo ina nafasi yake kwenye kanuni. Kumkabidhi funguo miezi mitatu, hapana.

Na hizo karatasi zako si takataka, usije ukazitupa. Kazi yake inaanza siku ya kurudi. Uingereza nayo itaiona boti inaingia kutoka nje, na wewe utaomba ule msamaha wa bidhaa inayorudi nyumbani. Hapo ndipo wanataka kuona VAT ya Uingereza ililipwa, kwamba aliyeitoa ndiye anayeirudisha, na kwamba hukuifanyia ukarabati mkubwa wa kuipandisha thamani ukiwa nje. Hati ya mauziano kati ya watu binafsi wa Uingereza wenyewe wanasema si ushahidi kamili, ila inaashiria. Zako tatu zikipangwa kwa mfuatano, na risiti ya Hamble juu yake, una la kusema. Mtafute na yule mzee, muulize alinunua kwa nani na kama ana bahasha nyingine.

Mzee Dau:
Nimesahihishwa, nimekubali. Ila hamjamgusia pasi.

Binti Karani:
Kweli Mzee. Pasi ya Tanzania inahitaji viza ya Schengen, na ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Hizo ni siku zako wewe, hazihusiani na miezi 18 ya boti. Boti inaweza kubaki imefungwa gatini huku wewe umerudi Southampton. Kinyume chake ndicho kinachowaponza watu: wanahesabu ya boti, wanasahau ya kwao.

Mtoto wa Pangani:
Nimempigia mzee. Anasema bahasha nyingine ipo kwa binti yake, na anataka nimpeleke baharini mara moja ndipo anipe 😂 Jumapili tunatoka.

Baharia Mstaafu:
Mpeleke. Bendera ya njano ya kuomba ruhusa ya kuingia unayo? Inapandishwa ukiingia maji yao, maili 12 kutoka pwani.

Mtoto wa Pangani:
Sina. Mke wangu ana kanga ya njano, ngoja nimbembeleze.