Programu ya kusomea habari kwa simu ndogo: Feedly, Inoreader au Feeder?

Msafiri_Likoni

Asalam alaikum waungwana. Nakaa Likoni hapa Mombasa, kazi Kilindini bandarini, ofisi ya uwakala wa forodha. Asubuhi na jioni niko foleni ya feri, na hapo ndipo napata nafasi ya kusoma. Simu ni Android ya bei ya chini, RAM 2GB, hifadhi 32GB, na karibu nusu ya hiyo imeliwa na video za magrupu.

Nimechoshwa na programu ya habari iliyokuja na simu. Natafuta mambo ya bandari na ushuru, naletewa nani kaachana na nani. Kuifuta haifutiki. Ninachotaka ni kitu ambacho tovuti nachagua mwenyewe, habari mpya inakaa juu ya ile ya jana, basi. Google News na Opera News nimeziweka kando kwa sababu hiyohiyo: si mbaya, lakini zenyewe ndizo zinazoamua nione nini.

Kwa hiyo nimeingia kwenye hizi za RSS, lile faili ambalo tovuti hulitoa likiwa na orodha ya habari zake mpya. Nilivyoziona:

Feedly: imepangika, na kupata tovuti ni rahisi, unaandika jina tu inakuletea. Lazima ufungue akaunti. Ya bure mwisho wake vyanzo 100, mimi hata sivifikii. Shida ni nikizima data. Vichwa vya habari naviona, nikigusa habari yenyewe mara inafunguka, mara duara linazunguka weee.

Inoreader: ina mambo mengi mno kwa skrini yangu. Bure vyanzo 150, na matangazo yamo.

Feeder: haina akaunti, haina matangazo, haiombi hata barua pepe. Haikuchagulii magazeti, anwani unaziweka mwenyewe. Lakini usiku mzima haikuleta kitu mpaka nilipoifungua asubuhi kwa mkono.

Aliyezitumia zaidi yangu anijuze. La muhimu kwangu: nishushe kila kitu kwa waifai ya ofisini kabla ya kutoka, njiani nisome bila kuchoma bando.

Fundi_MwembeTayari

Waalaikum salam ndugu. Hapo umeweka vitu vya aina mbili kwenye mizani moja.

Kwa Feedly na Inoreader, kazi ya kukusanya inafanywa na seva yao, yaani kompyuta yao iliyoko mtandaoni saa zote. Seva inazunguka kwenye tovuti zako, inahifadhi, halafu simu yako inakwenda kuuliza mahali pamoja tu. Raha yake ni kwamba ulichosoma kwenye kompyuta ya ofisini, simu nayo inajua umeshakisoma. Lakini habari ziko kwao. Mtandao ukikatika unabaki na kile kilichowahi kufika kwenye simu, na hujui ni kipi mpaka uguse.

Feeder haina mtu wa kati. Simu yenyewe inabisha hodi kwa kila tovuti. Watu wakisikia hivyo wanahofia bando, lakini faili la RSS ni maandishi tu. Na tovuti iliyopangwa vizuri, kama hakuna jipya tangu ulipopita mara ya mwisho, inajibu kwa nambari 304, yaani hakuna kilichobadilika, na faili halitumwi kabisa. Kinachomaliza bando ni picha. Ingia kwenye mipangilio, picha ziwe za waifai pekee, kusawazisha, yaani kule kuleta habari mpya, nako kuwe kwa waifai pekee.

Sasa hilo la usiku. Usiilaumu Feeder, laumu simu. Simu hizi za bei nafuu zinaua programu yoyote inayofanya kazi chinichini ili betri ionekane inadumu. Nenda Mipangilio, Programu, Feeder, Betri, uondoe kizuizi. Simu nyingine zina na ukurasa wa pili wa kuruhusu programu kujiwasha yenyewe, umefichwa ndani ya ile programu ya kusafisha simu. Usipougusa huo wa pili, wa kwanza hausaidii kitu. Hapa kibandani watu wananiletea simu wakisema WhatsApp haileti meseji mpaka waifungue. Ugonjwa ni huohuo.

Ukimaliza hapo, ingia kwenye chanzo kimojakimoja, hariri, washa kupakua makala kamili. Bila hiyo utafika kwenye feri na mistari mitatu ya kila habari, kwa sababu magazeti mengi kwenye RSS hutoa muhtasari tu, uende ukamalizie kwao penye matangazo.

Kijana_wa_Majengo

Kwani RSS haikufa na Google Reader? Mimi grupu la WhatsApp lanitosha, habari inafika kabla ya redio 😂

Bi_Mhariri_Tudor

Google Reader, ile programu ya Google ya kusomea RSS, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. RSS haikuwa yake. Ilianzia Netscape mwaka 1999, na leo tovuti yoyote inaweza kuitoa bila kuomba ruhusa kwa mtu. Hata hizo podikasti unazosikiliza zinasambazwa kwa RSS, ila hujui tu.

Na kwenye grupu habari inafika kabla ya redio kwa sababu hakuna aliyeithibitisha. Juzi nimeletewa picha ya tangazo kwamba feri zimesimama. Watu wameshaanza kupanga kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kuikuza ile picha, tarehe ya pale chini ni ya mwaka juzi.

Turudi kwenye swali. Mimi kusoma habari ndiyo kazi inayonilisha, na natumia Inoreader. Fundi amesema kweli tupu, ila kuna jambo hakuligusa, na kwa @Msafiri_Likoni ni kubwa.

Faili la RSS halibebi habari zote za tovuti. Linabeba za mwisho chache tu. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress, nazo ndizo tele, zikiachwa bila kubadilishwa mipangilio hutoa habari 10 za mwisho. Gazeti linaloandika habari arubaini kwa siku, wewe simu yako inapita mara moja jioni ukiwa na waifai: unazikuta 10, zile nyengine zimeshasukumwa nje na hutajua hata kama zilikuwepo. Seva ya Inoreader inapita mchana na usiku, inaziokota zote na kuzihifadhi. Chanzo kikishaziondoa, kwake bado ziko.

Kwa upande mwengine, huduma hizi za seva hazizitendei tovuti zote sawa. Gazeti lenye wafuasi maelfu linapitiwa kila baada ya muda mfupi. Kijiblogu cha mtu wa Mtwapa chenye wafuasi wawili, mmoja ni wewe, kinasubiri. Hapo Feeder inawapiku, maana simu inakwenda pale kila baada ya muda uliopanga wewe.

Mimi folda yangu ya Kiswahili ina BBC Swahili, DW, Taifa Leo na magazeti ya Tanzania, Mwananchi na HabariLeo. Siwezi kuisimamia kwa simu peke yake.

Mama_wa_Bamburi

Wenye iPhone mbona mmetusahau? NetNewsWire. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, ni programu huria. Ilianza kwenye kompyuta za Mac mwaka 2002, kwa hiyo haikuja jana. Inasawazisha kwa iCloud, na kama tayari una Feedly au Inoreader unaiunganisha tu, unasomea humo. Sina zaidi ya hapo kwa sababu haijawahi kunisumbua. Wenye Android haiwahusu.

Mzee_Kibokoni

Vijana wangu, mimi macho hayana nguvu tena. Mjukuu ameniwekea hiyo Feeder, herufi nimezikuza lakini nikisoma kurasa mbili tu machozi yanatoka. Hakuna ya kunisomea?

Fundi_MwembeTayari

Shikamoo mzee wangu. Ni hiyohiyo uliyo nayo. Fungua habari, gusa vidoti vitatu pale juu, chagua kusoma kwa sauti. Sauti inatoka kwenye simu yenyewe, haitoki kwa Feeder, kwa hiyo mwambie mjukuu aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kubadili maandishi kuwa sauti, ashushe sauti ya Kiswahili akiwa kwenye waifai. Asiposhusha, itakusomea Kiswahili kwa matamshi ya Mzungu, na utaizima kabla haijamaliza kichwa cha habari.

Mzee_Kibokoni

Marahaba. Kweli imenisomea vile kama Mzungu, nikadhani imeharibika. Nitamwambia akirudi kutoka skuli.

Msafiri_Likoni

Ahsanteni sana. Ile ya ukurasa wa pili wa kujiwasha ndiyo ilikuwa dawa, sasa habari zinaingia zenyewe bila kuifungua. Sasa swali jengine: hizo anwani za RSS mnazipata wapi? Zamani kulikuwa na kile kialama cha rangi ya chungwa kwenye tovuti, siku hizi sikioni.

Bi_Mhariri_Tudor

Alama imeondolewa, mlango bado uko wazi. Kwanza bandika anwani ya kawaida ya tovuti ndani ya Feeder, mara nyingi inaigundua RSS yenyewe. Ikishindwa, ongeza /feed/ mwishoni mwa anwani. Kwa tovuti za WordPress inafanya kazi. Kizuri zaidi, unaweza kufanya hivyo kwa sehemu moja tu ya tovuti. Fungua ukurasa wa biashara peke yake, weka /feed/ mwishoni, na ya siasa yote umeiacha huko. Kwa kazi yako ningeanzia hapo.

Blogu za Blogger ni /feeds/posts/default. BBC Swahili ni feeds.bbci.co.uk/swahili/rss.xml. Chaneli za YouTube nazo zinayo: youtube.com/feeds/videos.xml?channel_id= halafu unamalizia na kitambulisho cha chaneli. Mimi mihadhara yote naifuata hivyo, sifungui YouTube yenyewe, maana ukiingia mle kutoka ni kazi.

Usipoteze muda na kurasa za Facebook. Hazitoi. Twitter, hii inayoitwa X sasa, iliacha mwaka 2013. Ofisi nyingi za umma hapa kwetu matangazo yake yanaishia huko, na kwa hilo hakuna programu itakayokusaidia.

Kijana_wa_Majengo

Na magazeti ya kulipia? Hii ya makala kamili inayafungua?

Fundi_MwembeTayari

Haifungui. Inaona kile anachokiona mtu ambaye hajalipa, haizidishi hata nukta. Na kuna tovuti za bure ambazo nazo zinaikorofisha: badala ya habari inakuletea menyu na lile tangazo la kukubali vidakuzi. Ukiona chanzo kinafanya hivyo, kizimie makala kamili, uache muhtasari.

Msafiri_Likoni

Basi nimegawa hivi. Vyanzo vinavyoandika polepole, mambo ya bandari, meli, ushuru na blogu mbili za huku Pwani, viko kwenye Feeder na makala kamili, inasawazisha kila saa nikiwa na waifai ya ofisini. Magazeti makubwa nimeyaacha Inoreader, nayapitia kwa kompyuta saa ya chakula. Feedly nimeiondoa. Haina ubaya, ila kila inachonifanyia kuna mmoja kati ya hawa wawili anakifanya kwa namna inayonifaa zaidi. Kwa mtu mwenye waifai nyumbani na simu ya maana, pengine angeamua vyengine.

Jana jioni feri moja ilikuwa imetolewa kwa ukarabati, foleni imefika juu huko. Nimezima data, nimesoma makala ndefu ya bei za usafirishaji wa makontena mpaka mwisho, na jedwali lake. Lalamiko moja tu: jedwali lenyewe Feeder imelibomoa, nambari zote zimejipanga mstari mmoja, safu hazijulikani.

Bi_Mhariri_Tudor

Jedwali ndilo donda la hizi zote. Fungua ile ya asili kwenye kivinjari ukifika kwenye mtandao.

Kabla hujaendelea kuongeza vyanzo: kule kwenye vidoti vitatu vya Feeder kuna kutoa faili la OPML. Ni orodha ya vyanzo vyako vyote. Litoe, ulitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Feeder haina akaunti, kwa hiyo simu ikiibwa au ikitumbukia kwenye maji pale Likoni, orodha imekwenda nayo. Feedly, Inoreader na NetNewsWire zote zinalipokea faili hilo, ukihama unahama nalo.

Mama_wa_Bamburi

@Msafiri_Likoni ukishalitoa tuwekee hapa hiyo orodha ya bandari. Mume wangu yuko kwenye malori, itamfaa.

Msafiri_Likoni

Inshallah usiku naipandisha. Nitatoa kwanza vyanzo vya mpira, vimo vingi. @Kijana_wa_Majengo na wewe waitaka?

Kijana_wa_Majengo

Naitaka, na hivyo vya mpira usivitoe. Nitumie WhatsApp.