Mjadala: Je, nadharia ya Darwin ndiyo iliyozaa "mwenye nguvu mpishe"?

Wakuu, kuna hoja inayorudiwa kila mada hii inapoibuka, na safari hii siipiti kimya. Inasema Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, aliwafundisha watu kwamba mwenye nguvu aishi na mnyonge afe, na kutoka hapo tukapata ubaguzi wa rangi, ukoloni na Hitler. Kwa hiyo nadharia yake ya mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi kutoka asili moja, ni sumu, iondolewe madarasani. Upande wa pili nao hujibu harakaharaka kuwa sayansi haina kosa, waliokosea ni wanasiasa. Mimi nazikataa zote mbili.

Tuanze na tarehe. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka mwaka 1859. Kufikia hapo watumwa walikuwa wamevushwa Atlantiki kwa zaidi ya miaka 300, na mwenye shamba la miwa hakuhitaji biolojia ili ashike mjeledi. Tena walikuwepo wasomi waliodai kwamba watu weusi na weupe wana asili mbalimbali tangu mwanzo. Mageuko yalilivunja dai hilo: binadamu wote ni ukoo mmoja. Hata ule msemo wa kusalia kwa anayefaa zaidi aliuleta mwanafalsafa Herbert Spencer mwaka 1864, Darwin akauazima baadaye.

Na huko "kufaa" watu wanakusoma vibaya. Si ubavu. Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu ana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa baba na mama anaugua maisha yake yote. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954. Jeni ni ileile: penye malaria inaokoa, pasipo malaria ni mzigo mtupu. Sasa niambieni, hapo "bora" ni nani?

Lakini ninyi mnaosema sayansi ina mikono safi, mnaniudhi zaidi. Neno yujeniki, yaani kuboresha binadamu kwa kuamua nani azae na nani asizae, lilibuniwa mwaka 1883 na Francis Galton, mwanasayansi na binamu wa Darwin. Darwin mwenyewe, aliyeuchukia utumwa kwa dhati, aliandika mwaka 1871 kwamba jamii zilizostaarabika zingekuja kuwaangamiza "washenzi". Hayo hakuyasema mwanasiasa.

Mtazameni Carrie Buck wa Virginia, Marekani. Alibakwa akiwa na miaka 17, akapata mimba, familia iliyokuwa ikimlea ikampeleka kwenye taasisi ya "wenye akili pungufu", alikokuwa mama yake tayari. Mtaalamu mmoja wa yujeniki alitoa ushahidi dhidi yake bila hata kumwona. Mtoto wake Vivian, kachanga ka miezi michache, kakatazamwa usoni na kuambiwa hakako sawasawa. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 1, ikaruhusu Carrie afungwe kizazi, na jaji akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vimetosha. Vivian alikuja kuingia shule, akawa miongoni mwa waliotajwa kwa kufanya vizuri, akafa kwa ugonjwa akiwa na miaka 8. Marekani peke yake ilifunga kizazi cha watu zaidi ya 60,000. Ujerumani ikatunga sheria yake mwaka 1933.

Kosa lilikuwa wapi? Ni katika kuruka kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyotakiwa iwe". Maumbile hayatoi amri. Tetemeko la ardhi ni la asili, na hakuna anayesema tuwaache waliofukiwa.

Kuhusu kuifuta nadharia: mwaka 1948 yalitoka matokeo ya jaribio maarufu la dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu nchini Uingereza. Wagonjwa walipata nafuu, kisha baadhi yao wakaanza kurudi chini. Dawa iliua vimelea dhaifu kwake, wale wachache waliokuwa sugu wakabaki na kuzaliana. Huo ni uteuzi asilia, yaani njia yenyewe ya mageuko, ndani ya pafu la mtu mmoja. Ndiyo maana leo kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, kwa kuwa kimelea kukwepa zote kwa mpigo ni vigumu mno. Mwaka huohuo wa 1948 Urusi ya Kisovieti ilipiga marufuku jenetiki, sayansi ya urithi, kwa sababu za kiitikadi. Nikolai Vavilov, mwanajenetiki wao aliyekusanya mbegu za mazao dunia nzima, alikuwa ameshakufa gerezani tangu 1943.

Basi wanaotaka nadharia iondolewe, naomba jibu moja: mwanafunzi wa uuguzi mtamweleza vipi usugu wa dawa bila mageuko? Na wanaoitetea, je, mko tayari kisa cha Carrie Buck kifundishwe katika somo la biolojia lenyewe, si kuachiwa walimu wa historia?