Ushauri: nazamia kwenye maji ya nyuzi 8, nibebe kamera au niiache?

Mgeni wa Kina
Wakuu, salaam. Mimi nimezoea kuzamia maji ya uvuguvugu tu. Sasa kikundi chetu kinakwenda kwenye bahari ya nyuzi 8, na hamu yangu kubwa ni kuwapiga picha wale konokono wa baharini wasio na gamba. Nina kamera na kasha lake, flashi moja, na suti ya mpira ya milimita 7. Niende nayo? Na zile chembe nyeupe zinazojaa kwenye picha kama theluji, dawa yake nini?

Pweza Mkongwe
Karibu mkuu. Tuanze na mwili, kamera itafuata. Maji hukunyang'anya joto mara 25 hivi kuliko hewa, na vidole ndivyo vinavyokufa ganzi kwanza. Utabonyeza kitufe usijue kama umebonyeza. Hiyo suti, pamoja na kofia na glavu, inafaa mbizi moja fupi. Ya pili utajuta.

Halafu kagua regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Chini ya nyuzi 10, ile isiyotengenezewa baridi inaweza kuganda barafu, hewa ikaanza kumwagika mfululizo mpaka mtungi uishe. Kama imeandikwa EN 250 (kiwango cha Ulaya cha regulata) na mbele yake >10°C, usiende nayo. Hata ile nzuri, usiivute-vute ukiwa bado juu unasubiri wenzako.

Dada Lenzi
Hizo chembe ni vumbi na vijiumbe vinavyoelea kati ya lenzi na mnyama, flashi inavimulika. Ikikaa karibu na lenzi, umekwisha. Isogeze pembeni, irudi nyuma kidogo ya kioo cha kasha, na uielekeze nje kidogo ili ukingo tu wa mwanga umguse mnyama. Kisha sogea karibu. Ukidhani umefika, sogea tena.

Kwa vitu vidogo mimi huanzia tundu la lenzi f/16, kasi 1/200 ya sekunde, na wepesi wa kunasa mwanga ISO 200. Konokono mtafute kichwani: ana vipembe viwili, na kwa wengi vina mikunjo midogo midogo. Fokasi iwe hapo. Shuka usawa wake. Ukimpiga kutoka juu unapata doa la rangi tu.

Mgeni wa Kina
Asante sana dada. Je, nikikodi suti kavu, ile isiyoingiza maji na yenye hewa ndani, siku hiyohiyo?

Pweza Mkongwe
Hapana! Hewa ikihamia miguuni utapaa miguu juu. Jifunze kwanza kwenye maji mafupi, mwalimu akiwepo. Na kamera mkononi, ukihitaji kutoa hewa utatumia mkono upi?

Bila Haraka
Suti kavu nakubaliana na mkongwe, ila kamera mwacheni aende nayo. Iwe imening'inia kwa kulabu kwenye jaketi la kuelea, mipangilio umeimaliza juu. Mwanzoni pima vizito vyako na utulie. Ukiweza kuelea juu kidogo ya mwamba bila kushika kitu, ichukue. Ukishindwa, ibaki ilipo, maana wapiga picha wasiotulia ndio wanaovunja viumbe kwa mapezi, na matope wanayotimua yanaharibu picha za wote.

Dada Lenzi
Nimesahau ukungu. Ukilifunga kasha kwenye chumba chenye joto na unyevu, likigusa maji baridi kioo kinafifia kwa ndani. Lifungie mahali pakavu, utie kipakiti cha silika jeli ya kunyonya unyevu. Oringi, ule mpira wa kuziba kasha, ipitishe kidole polepole, unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Na betri iwe imejaa, baridi inaimaliza haraka.

Mgeni wa Kina
Nimekagua regulata, ina hiyo alama ya >10°C. Nakodi nyingine. Suti kavu nimeiacha.

Pweza Mkongwe
Safi. Ukodi seti nzima ya maji baridi, usichanganye vipande. Na muelewane na mwenzako kabla ya kushuka: mmoja akianza kutetemeka, wote mnapanda, hata kama konokono ndiyo kwanza ametokea. Kule juu usikimbilie kuoga maji ya moto, vaa nguo kavu kwanza.