Msaada: sini ya usiku inatoka kama video ya sendofu

MtotoWaMbagala: Wakuu habari za jioni. Natengeneza filamu fupi ya dakika 12 kwa mfuko wangu. Kuna sini inanitoa jasho: saa 9 usiku, mama kakaa sebuleni anamsubiri mwanawe, simu haipokelewi. Kaigiza mama mdogo, na kaigiza kweli, mpaka nikataka kulia nyuma ya kamera. Nikiangalia kwenye kompyuta sioni usiku wala hofu, naona mtu kakaa kwenye kochi. Nina kamera ya mtumba, lenzi ya 50mm f/1.8 na taa mbili za LED. Taa niliziweka kushoto na kulia kwa kamera, tyubu ya darini ikiwaka. Nimejaribu kupunguza mwanga wakati wa kuhariri, picha ikawa ya kijivu na chengachenga tupu. Ninunue taa ya tatu?

BalbuMoja: Usinunue, zima. Anza na hiyo tyubu. Halafu jiulize, saa 9 usiku nyumba hiyo mwanga unatoka wapi? Tuseme taa ya barazani kwa jirani, inapenya dirishani. Basi taa yako ikae upande wa dirisha, juu kidogo ya kichwa chake, nusu ya uso ibaki gizani. Ya pili ifiche nyuma ya kabati, hafifu, iguse ukuta. Ukuta ukiwa mweusi kabisa, mama ataonekana anaelea.

Fundi_Mabati: Si amwashie koroboi tu yaishe 😂

BiKivuli: Mwongozaji Stanley Kubrick alipiga sini za mishumaa za filamu ya Barry Lyndon (1975) kwa lenzi za Zeiss za f/0.7 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi), zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Lenzi hiyo inapitisha mwanga zaidi ya mara 6 ya hiyo ya kwake. Kamera za sasa zinaona gizani vizuri zaidi, lakini koroboi iwe ya kuonekana tu, kazi aifanye LED iliyojificha.

Mdogo wangu, kwa ngozi zetu usikimbilie kuongeza ukali wa taa. Paji litawaka, mashavu yatapotea. Tundika shuka jeupe karibu naye, nje kidogo ya fremu, taa ipige shuka, shuka limrudishie. Poda acha, mpake mafuta kidogo shavuni. Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao. Na rangi usiiachie kamera ijipangie yenyewe, itausafisha unjano wote.

KameraBegani: Shata, yaani muda wa kila picha, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni 50Hz, balbu za bei rahisi zitakuletea mistari kwenye picha. Kamera uliishikaje?

MtotoWaMbagala: Begani, ili itikisike, ionyeshe wasiwasi.

KameraBegani: Mama anayesubiri ameganda, kaka. Nenda kwenye tripodi, rudi koridoni, mpige kupitia mlangoni akiwa mdogo ndani ya fremu. Kaa hapo mpaka mtazamaji achoke. Sogea usoni simu inapoita, sio kabla. Ukianza na uso mkubwa utaenda wapi tena?

MtotoWaMbagala: Wakuu, tumerudia jana. Taa moja, shuka la mama mdogo mwenyewe, kamera koridoni. Simu ilipoita, mwanga wa kioo ukamvaa usoni kutokea chini, hatukupanga! Shida iliyobaki ni jogoo wa jirani, kawika katikati ya shoti ya mwisho.

BiKivuli: Saa 9 usiku? Hilo ni jogoo la kwanza. Mwache awike.