Mapambo ya Krismasi: mzigo wote uingie kwa namba moja ya forodha, 9505?

Mpakiaji
Habari zenu wakuu. Naagiza kontena la mapambo ya sikukuu, bado halijapakiwa. Ankara ya awali niliyotumiwa na muuzaji ina mstari mmoja tu, "mapambo ya Krismasi", namba 9505.10. Lakini humo kuna miti bandia, mipira ya kuning'iniza, taa za LED za kuzungushia mti, mishumaa yenye umbo la Baba Krismasi, vitambaa vya meza vyenye picha za kulungu, vikombe vya kauri, mifuko ya karatasi ya zawadi, mashada ya mlangoni na vyuma vya kusimamishia miti. Wakala wangu wa forodha kaiona, kasema tamko la namna hiyo haandiki. Mimi naona vyote ni vya Desemba, sasa namba nyingine za nini? Naombeni ushauri, hasa kwenye taa maana ndizo nyingi.

Kamba_na_Boksi
Weka yote 9505 mkuu, usijitafutie kazi. Mapambo ni mapambo.

Sura95
Na kontena likifunguliwa kwa ukaguzi, nani atakuwa pale kujibu? Mpakiaji, msikilize wakala wako.

Kitu kuuzwa Desemba hakukifanyi kiwe pambo la sikukuu. Kanuni ya kwanza ya HS, mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa za forodha, inasema uainishe kwa maneno ya kichwa chenyewe (namba ya tarakimu nne, kama 9505) pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura. Maelezo ya Sura ya 95, yaani namba zote zinazoanza na 95, yanavitoa nje baadhi ya vitu vyako, tena kwa kuvitaja. Mishumaa ni 3406, umbo lake liwe lolote. Vyombo vya mezani, nguo, vitambaa vya meza na vingine vya matumizi vinafuata malighafi yake, hata vikichorwa kulungu kila upande. Kwa hiyo vitambaa vya meza ni 6302, na vikombe ni 6911 au 6912 kutegemea aina ya kauri. Mifuko ya zawadi ya karatasi iangalie kwenye 4819.

Miti bandia na mipira ya kuning'iniza ndiyo 9505.10 hasa. Hapo muuzaji hajakosea.

Taa sasa. Taa za umeme za kuning'iniza haziingii 9505 kwa sikukuu yoyote, ziko 9405. Kabla ya 2022 za mti wa Krismasi zilikuwa 9405.30. Toleo la HS lililoanza 1 Januari 2022 likaigawa namba hiyo: 9405.31 ni za LED pekee, 9405.39 ni zilizobaki. Muuzaji akikuandikia 9405.30, ujue anatumia jedwali la zamani.

Mpakiaji
Asante sana mkuu. Baadhi ya miti inakuja na taa zimeshafungwa kwenye matawi. Hiyo nayo niigawe?

Sura95
Hapana. Hapo inakuja kanuni ya 3(b): bidhaa ya mchanganyiko inafuata kile kinachoipa sifa yake ya msingi. Mtu ananunua mti, taa ni nyongeza, hivyo inabaki 9505.10. Boksi la rejareja lenye mti, taa na mipira pamoja linatazamwa kwa jicho hilohilo. Ila taa zilizofungwa peke yake haziwi seti kwa sababu tu zimepanda kontena moja na miti.

Bi_Shada
Mashada mmeyaruka, na ndiyo yenye ubishi mrefu kuliko yote! Shada la majani ya plastiki matupu, kijani tupu, unaweza kulitundika mwaka mzima na hakuna atakayeuliza. Hilo ni majani bandia, 6702. Lenye kengele, utepe mwekundu na Baba Krismasi katikati linajieleza lenyewe kuwa la Krismasi, hilo utalitetea kwenye 9505.10. Kazi ipo kwa yale ya katikati: majani, tunda moja jekundu la plastiki, utepe mwembamba wa dhahabu. Maofisa wawili wanaweza kulitazama shada hilohilo wakatoka na namba mbili. Kwa hayo piga picha ya mbele na ya nyuma, andika limetengenezwa kwa nini, kisha uombe uamuzi wa awali wa forodha kabla ya kupakia. Nchi zilizoridhia Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika Februari 2017, zinatakiwa kutoa uamuzi wa aina hiyo, na uainishaji ni mojawapo ya mambo unayoruhusiwa kuuliza. Uliza kwa maandishi. Jibu la mdomo dirishani halikusaidii kitu siku ofisa amebadilishwa.

Kamba_na_Boksi
Haya, nimenyamaza 😄 Ila na mimi naleta miezi na nyota za karatasi za kuning'iniza sikukuu ya Idi. Nazo 9505.10?

Bi_Shada
9505.10 ni ya Krismasi peke yake. Za Idi ni 9505.90. Kichwa ni kimoja, kijinamba ndicho kinachobadilika.

Sura95
Mpakiaji, nyongeza moja: tarakimu sita za mwanzo ndizo zinazofanana kwa nchi zinazotumia HS. Zinazofuata kila nchi inajipangia, na kiwango cha ushuru mara nyingi kinakaa huko. Usichukue namba ndefu ya muuzaji ukaibandika kwenye tamko lako.

Mpakiaji
Nimeelewa. Nimemwandikia muuzaji aigawe ankara kwa bidhaa, kila mstari na malighafi yake. Anauliza vyuma vya kusimamishia miti aviweke wapi.

Sura95
Vilivyomo ndani ya boksi la mti vinakwenda na mti. Vya akiba vilivyofungwa peke yake vinafuata malighafi, kama ni chuma basi Sura ya 73. Mwambie vya akiba aviandikie mstari wake na uzito wake.